MX-5 ya 2001 inagonga mbele, mkia unahama: nianze na shokapu au bushi?

Kona_Kali: Wakuu, naomba ushauri. Gari ni Mazda MX-5 (NB, yaani toleo la pili) ya 2001, maili 112,000, iko Uingereza, barabara zinamwagwa chumvi kila msimu wa baridi. Shokapu ni za kiwandani. Kwenye tuta inagonga mbele kushoto, kwenye kona yenye mashimo mkia unahama, na tairi za mbele zinalika upande wa ndani. Hela inatosha kitu kimoja kwa sasa.

Spana17: Usinunue kitu bado. Lala chini ugonge chesi za mbele (mihimili ya chuma ya bodi) kwa bisibisi, NB zinaozea pale kutoka ndani. Ikitoboka, hela yote ni ya fundi wa kuchomelea.

Chesi ikiwa nzima, kagua bolti za alaimenti (za kurekebisha mwelekeo na mlalo wa magurudumu). Ziko nane, mbili kila gurudumu, kwenye mikono ya chini (vyuma vinavyounganisha gurudumu na gari). Legeza nati, zungusha kichwa cha bolti taratibu. Kikirudi chenyewe kama springi, bolti imeshikana kwa kutu na bomba la ndani ya bushi (kiungo cha mpira kwenye mkono). Unachozungusha ni mpira. Hapo alaimenti haifanyiki, na huenda ndiyo sababu tairi zinalika.

Kona_Kali: Nimejaribu. Mbele zote nne zinarudi. Nyuma zinazunguka.

Spana17: Basi jibu umelipata, ni bushi za mbele. Mafuta ya kulegeza kutu hayafiki katikati ya bomba, usipoteze wiki nzima ukipuliza. Kata bolti kwa msumeno wa umeme, pande zote mbili kati ya bushi na mabano, bila kugusa mabano. Agiza bolti mpya, kemu zake (washa za kurekebishia alaimenti) na nati. Paka grisi kwenye shina la bolti, siyo kwenye nyuzi.

Mama_Gereji: Naongezea kuhusu mlio. Piga jeki, tingisha gurudumu juu na chini huku mwenzako ameshika boljointi ya chini (kiungo cha mkono na gurudumu). Ikicheza, badilisha. Angalia na linki za stabilaiza (fito ya kuzuia gari kulala kwenye kona), bei yake ndogo na kelele yake kubwa. Kisha vuta kifuniko cha vumbi cha shokapu: raba ya kuzuia kugota mara nyingi imeshakuwa unga, ndiyo maana inagota kwenye matuta.

Ukifika kwenye shokapu, usiguse nati ya katikati juu kabla springi haijabanwa kwa vibanio viwili. Ikifyatuka inavunja mfupa.

Kona_Kali: Shukrani dada. Bushi za mpira au poliuretani?

Mama_Gereji: Kwa gari la kila siku, mpira. Ila bolti zake usizikaze magurudumu yakining'inia. Mpira umegandishwa kwenye chuma, kwa hiyo ukiukaza hivyo, gari likishuka unasokoteka, gari linakaa juu kuliko kawaida na bushi zinachanika mapema. Shusha gari likanyage, lisukumesukume, ndipo ukaze. Poliuretani inazunguka kwenye bomba lake, haina shida hiyo, lakini bila grisi ya kutosha italia kama mlango wa banda.

Spana17: Alaimenti ifanyike na dereva ndani, nusu tangi. Kemba (mlalo wa gurudumu; hasi ni juu kuegemea ndani) ya mbele hasi digrii 1, nyuma hasi 1.5, na magurudumu ya nyuma yaelekee ndani kidogo. Yakielekea nje, mvua ya kwanza tu mkia utakupita.

Kona_Kali: Nyuma zinazozunguka niziache?

Spana17: Toa moja moja, safisha, paka grisi, rudisha. Weka alama ya rangi kwenye kemu kabla ya kulegeza.