Mrejesho: 4x4 iliyokuwa ikitetemeka kwenye kilomita 80

Ndugu zangu, ahsanteni mno. Kwa wasiokumbuka: gari langu kuukuu, 4x4 ya wakati wote (magurudumu yote manne huendeshwa na injini muda wote), lilitetemeka sakafuni likifika 80 kwa saa, na kubalansi magurudumu hakukusaidia kitu. Nilifuata ushauri wenu wa kutoa propela ya mbele (mhimili unaopeleka nguvu magurudumu ya mbele), kuloki difu ya kati (inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma) na kwenda nalo hivyo hadi Mariakani. Likatulia tuli! Fundi wangu wa Changamwe akaifungua propela hiyo, krosi moja (kiungo chake kinachopinda) imekauka grisi, vijisindano vya ndani vimesagika vumbi jekundu. Tumeweka mpya, na propela ikarudishwa alama zikielekeana. 80 sasa shwari. Ila nikipita 100 kamtetemo kadogo kangalipo. Yule mwenzetu aliyetaja maunti za giaboksi (mipira inayoishikilia giaboksi) huenda kapatia, ndizo zinazofuata mfuko ukiruhusu.