Mrejesho: nikeshe au nilale kipindi cha mitihani?

Wakuu, niliuliza hapa kama nikeshe au nilale kwenye mitihani ya mwisho wa muhula huu wa baridi, basi jana nimemaliza pepa ya mwisho. Nililala, maana usingizi ndo unakaza yale uliyosoma, na badala ya kurudia noti nikawa nafunika daftari najiuliza mwenyewe naandika jibu bila kuchungulia, aisee inafanya kazi, kwenye kemia limekuja swali la bafa (ule myeyusho ambao pH yake haibadiliki kirahisi ukiongeza asidi au besi kidogo) nikaona kichwani hadi mshale niliouchora pembeni ya ukurasa. Baridi ndo ilinitesa, vidole ganzi, peni haishikiki. Matokeo bado. Aliyesema niache kahawa kuanzia mchana, asante sana, nilikuwa nasinzia mapema kabisa.