Nimerithi Parker 51 ya babu na sasa kalamu za wino zimeniteka, nianzie wapi?

Mjukuu_wa_Karani

Wakuu habari za muda huu. Humu naona kuna watu wa saa za kale, redio za mbao, kamera za filamu, nikasema labda na wa kalamu wapo.

Babu yangu mzaa mama alikuwa karani bandarini Tanga miaka ya sitini. Alipofariki, siku ya kugawana vitu wajomba wakachukua baiskeli na redio, mimi nikaambiwa chagua nikachagua kisanduku chake cha kuandikia. Ndani kulikuwa na mihuri miwili, ile karatasi ya kukaushia wino, kichupa cha wino wa Quink kimekauka kabisa kimebaki ganda la bluu chini, na kalamu moja nyeusi yenye kofia ya chuma na klipu ya mshale. Kwenye kofia imechorwa PARKER "51" MADE IN ENGLAND. Kilichonishangaza nibu yake, ile ncha ya chuma ya kuandikia, haionekani, imefunikwa yote imebaki kincha kidogo tu kwa mbele kama mdomo wa chiriku.

Sasa toka siku hiyo nimeingia jumla. Naongelea zile kalamu za wino za kujaza zenye nibu, siyo biki. Ndani ya miezi miwili nishanunua nyingine tatu, Jinhao moja, Platinum Preppy moja na Hero ya kale niliyoikuta kwa mzee anayeuza vitabu chakavu. Mke wangu akaniuliza kalamu zote hizo za nini na kila kitu naandika kwenye simu, nikakaa nikamwandikia barua ya kurasa mbili, aisee hiyo barua kaikunja kaiweka kwenye pochi yake mpaka leo.

Ninachoomba, kwanza hiyo ya babu haiandiki na nimeogopa kuifungua maana nikiivunja sitajisamehe, niifanyeje? Alafu nyie mnaokusanya mnakusanyaje, kuna mpango au mtu unanunua tu kila unachokipenda? Na wino na daftari je, maana kaunta buku langu wino unatambaa kama mizizi na unatokea upande wa pili.

---

NibuYaMvita

Mwanangu pole kwa msiba na hongera kwa kuchagua kisanduku. Naandika kutoka Mombasa, nazikusanya hizi tangu 1994, za Parker ndizo nyingi.

La kwanza, hapana kuifungua ile sehemu ya mbele inayofunika nibu. Hiyo yataka joto na mkono uliozoea, wengi wamezipasua pale. Fungua sehemu ya nyuma tu, zungusha taratibu kama unafungua tochi. Ukikuta ndani kuna bomba la chuma lenye kitaya cha kubonyeza, shukuru Mungu, hiyo ni ya mtindo wa 1948 kuja mbele, na ndani ya bomba mna kifuko cha plastiki angavu ambacho hakiozi upesi, ninazo zaidi ya miaka 60 na vifuko vyake vya asili vyafanya kazi. Ukikuta badala yake mkiani mna kifuniko kidogo na chini yake kidude cha kusukuma, hiyo ni ya zamani zaidi, ndani ina mpira, na mpira wa umri huo lazima utakuwa umekufa, hiyo usiiguse mpaka umpate fundi. Nyingi za Uingereza ni hizo za kitaya.

Sasa twaa kikombe, tia maji ya kawaida ya baridi, kalamu isimame na mdomo chini, maji yafunike ile sehemu ya mbele tu. Ilaze usiku kucha. Asubuhi bonyeza kitaya pole pole maji yaingie na kutoka, mwaga, tia mengine, laza tena. Wajua kwa nini hii yataka subira kuliko kalamu nyingine? Chini ya ule mfuniko mna kitu chenye mapezi membamba mengi mno yanayoshika wino wa ziada usidondoke, basi wino ukikaukia mle umeganda kila pezi. Ya ami yangu ilinichukua siku 6. Ya tatu nilitaka kukata tamaa, ya nne maji yakatoka bluu kama leo imetiwa wino. Tone moja la sabuni ya vyombo laruhusiwa, kisha suuza sana. Maji ya moto hapana, spiriti hapana kabisa, yaharibu mwili wa kalamu.

Na jina hilo 51 lina kisa. Kampuni ilianzishwa 1888 kule Janesville, Wisconsin, na kalamu hii ikakamilika kubuniwa 1939, mwaka wa 51 wa kampuni. Madukani ikaingia 1941. Nibu wakaificha ili wino wa kukauka haraka usikaukie kwenye ncha ukiinua mkono kufikiri. Babu yako alikuwa karani, mtu wa kuandika, kuwaza, kuandika. Ilikuwa kalamu yake hasa.

---

Khati_Unguja

Assalaam alaykum. Mimi nasomesha khati za Kiarabu kwa vijana hapa Unguja, kwa hiyo nimeanzia upande mwengine kabisa, kalamu ya mwanzi na kidau cha wino. Kwetu kalamu unaichonga mwenyewe, unaikata ncha kwa mshazari, na upana wa ile ncha ndio unaoamua kila kitu, kwa sababu herufi zetu zinapimwa kwa nukta za kalamu hiyo hiyo, alifu iwe nukta ngapi, bee iwe nukta ngapi. Hesabu hiyo inanasibishwa na Ibn Muqla, bingwa wa khati wa Baghdad aliyefariki 940. Watu wa Siyu na Lamu waliandika misahafu yao kwa kalamu za mwanzi na ukiiona kazi ile unanyamaza tu.

Nimekuja kwenye kalamu za kujaza kwa sababu ya uvivu wa kuchovya, nisamehewe na masheikh wangu. Nilipata Lamy Safari, muundo wa Kijerumani wa 1980, uzuri wake nibu inachomoka na kurudi kwa vidole tu, kwa hiyo mwili mmoja nina nibu tatu, ya kawaida, ya milimita 1.1 na ya 1.9 zenye ncha bapa. Na Pilot Parallel, hiyo ina vibati viwili vya chuma vimelaliana na wino unapita katikati, inafika hadi milimita 6.0, vijana wanaipenda sana kwa mabango.

Nilichotaka kukutahadharisha ndugu yangu ni wino. Ule wino wa khati tunaotengeneza kwa masizi na gundi usiutie ndani ya kalamu ya babu yako hata siku moja. Kwenye kidau hauna tabu kwa sababu mwanzi unaufuta, lakini ndani ya kalamu gundi inakauka kwenye njia na hapo ushaiua. Na ule wino mweusi wa kuchorea wa chupa ndogo vile vile. Tafuta ulioandikwa wazi kuwa ni wa kalamu za kujaza, Quink bado unatengenezwa na maduka makubwa ya vifaa vya ofisi huwa wanao. Na chupa ukiifungua ukaona utando juu kama wa maziwa au inanuka uvundo, mwaga, huo ni ukungu, kwa joto hili la pwani unaota upesi na ukiingia kwenye kalamu kuutoa ni kazi.

---

Mtanga_Hannover

Mjukuu salamu kutoka Hannover, kwetu Tanga barabara ya kumi na mbili, kwa hiyo kusikia karani wa bandarini roho imenidunda.

Huku hizi kalamu ni kitu cha kawaida, watoto wa shule wanafundishwa mwandiko nazo, wanangu wote wawili walianza na Pelikano, imekuwepo toka 1960. Na Pelikan wenyewe asili yao ni mji huu, kalamu yao ya kwanza ya pistoni ilitoka 1929. Pistoni maana yake unazungusha mkia wa kalamu, kizibo ndani kinashuka, unachovya nibu, unazungusha kurudi, wino unapanda, hakuna kifuko wala katriji, yaani kile kichupa kidogo cha wino cha kubadilisha. Kila Jumamosi kuna soko la mitumba pembeni ya mto Leine, ndo nilikoanzia, nikapata Pelikan 400 ya mistari ya kijani ndani ya boksi la vijiko. Nibu imegongwa 585, yaani dhahabu ya karati 14. Ukiona 750 ni karati 18. Hizo namba jifunze kuzisoma maana muuzaji wa mitumba mara nyingi hajui ameshika nini.

Kuhusu mpango wa kukusanya, nikwambie kilichonikuta. Miaka miwili ya mwanzo nilinunua kila kilichong'aa, zikafika 43, nikajikuta naandika na nne tu. Hizo nyingine zimekauka kwenye droo. Nikaziuza nyingi nikabaki na uzi mmoja, za pistoni zilizotengenezwa Ujerumani kati ya 1929 na 1960, na sasa kila ninayoipata naijua mama yake na shangazi yake. Wewe una Parker ya Uingereza na una Hero, basi uzi wako tayari uko mkononi, maana Hero 100 ya Shanghai imetengenezwa kwa kuifuata hiyo hiyo 51, ukiziweka pamoja utaona undugu. Zitafute hizo zilizoandikwa na makarani na walimu wetu, bado ziko kwenye makabati ya watu huko nyumbani na hakuna anayeziulizia.

Na Montblanc kuwa makini sana. Ile 149 yao kubwa nyeusi yenye nyota nyeupe inaigwa sana. Kuna muuzaji mmoja wa mtandaoni alinipiga pesa ndefu kwa sababu niliangalia nyota na ile namba 4810 kwenye nibu, ambayo ni urefu wa mlima wenyewe wa Mont Blanc kwa mita, nikaona basi ni halali. Hao waigaji wanaandika hiyo namba vizuri tu. Ningefungua nyuma ningejua palepale, 149 ya kweli inavuta wino kwa pistoni tu, ukikuta inaingia katriji au konvata, kile kipampu cha kuchomeka cha kuvutia wino, achana nayo.

Daftari, tumia nibu nyembamba kwanza kabla hujahangaika na karatasi za bei mbaya. F, yaani nibu nyembamba, ya Mjapani ni nyembamba kuliko F ya Mjerumani, hiyo Preppy ni ya Mjapani na ipo ya 02, yaani milimita 0.2, hata kwenye kaunta buku inaenda. Na kofia hiyo ya 51 usisahau kuing'arisha na mwili uupige polishi, mikwaruzo yote inaondoka inakuwa mpya.

---

NibuYaMvita

Mtanga nakubaliana nawe kwa yote isipokuwa hilo la mwisho. Polishi ukiipiga kwa nguvu yala maandishi yaliyochorwa kwenye mwili, na hayo yakifutika hayarudi. Tena hii si kalamu ya sokoni. Ile mikwaruzo ni ya meza ya babu yake. Kitambaa laini chenye unyevu chatosha.

---

Mtanga_Hannover

Sawa mzee wangu, kwa ya babu nimekubali. Za kwangu naendelea kuzing'arisha.

---

Kiguzo

Samahani naingilia kati, mimi Jinhao yangu inaandika maneno mawili inakata, nikiitikisa inamwaga tone zima. Ni feki au?

---

Khati_Unguja

Si lazima feki. Fikiri dumu la maji, ukilipindua bila kutoboa tundu la hewa maji yanakwama alafu yanatoka kwa kishindo. Kalamu nayo ni hivyo hivyo, wino ukishuka lazima hewa ipande kuchukua nafasi yake, na kazi hiyo inafanywa na kile kiulimi cheusi chini ya nibu, kina mifereji. Waterman wa New York alipata hataza ya jambo hilo 1884 na ndipo kalamu hizi zikaanza kuaminika. Mfereji wako una mafuta ya kiwandani tu, vuta na utoe maji yenye sabuni kidogo mara 10 hivi, suuza, kausha, jaza tena. Na uache kuitikisa.

---

Mjukuu_wa_Karani

Wakuu nimerudi, leo siku ya 5. Ni ya kitaya kama alivyosema mzee, kifuko kizima. Siku tatu maji yalitoka meupe nikawa nimekata tamaa, jana asubuhi nikabonyeza ikatoka bluu, bluu ile ile ya babu, wino alioutia mwenyewe mara ya mwisho. Nimekaa naiangalia kwenye kikombe nimeshindwa kuimwaga, nimeichukua kidogo nimeweka kwenye kichupa cha dawa.

Leo nimejaza Quink. Inaandika! Ila inakwaruza, kama kuna mchanga kwenye karatasi, Preppy ya bei rahisi inateleza kuliko hii. Nimeharibu kitu?

---

NibuYaMvita

Hukuharibu. Kwenye ncha ya nibu mna punje ndogo ya madini magumu kuliko dhahabu, nayo ikiandikiwa miaka na mtu mmoja yasagika kidogo kidogo kwa upande anaoushikia yeye. Wewe waishika kwa pembe yako, ule ukingo uliobaki ndio wakukwaruza. Usiisugue kwa msasa. Andika duara duara, huku wazungusha kalamu kidogo kidogo kwenye vidole, kushoto kisha kulia, utafika mahali italainika ghafla.

---

Mjukuu_wa_Karani

Nimeizungusha kushoto kidogo, na ikabidi niilaze zaidi kuliko ninavyoshikaga. Imeacha kukwaruza. Mama alikuwa amekaa hapa pembeni, kaangalia mkono wangu akasema ndivyo baba alivyokuwa anashika.