Ushauri: Land Rover 109 ya marehemu baba, fundi anataka kuipaka lami uvunguni

BintiRaskazone:
Wakuu, salaam. Nipo Tanga mjini, Raskazone, hatua chache kutoka baharini. Marehemu baba ametuachia Land Rover 109, Series III ya mwaka 1978. Miaka mingi ilibeba samaki kutoka Pangani kwenda Korogwe, na maji ya barafu ya samaki yalikuwa yakichuruzika nyuma njia nzima. Injini inawaka vizuri, bodi ni nzima. Juzi nimejilaza chini na tochi nikaona chesesi, ile fremu ya chini inayobeba gari, ina kutu inayobanduka kama maganda. Fundi anataka nimletee lami ya kopo apake uvungu mzima kabla masika hayajaanza, kazi ya siku moja. Moyo unasita. Gari hii siuzi, nataka wanangu waje waiendeshe. Nipake au nisipake?

DerevaMuheza:
Paka dada. Pikapu yangu ina lami mwaka wa tatu sasa, kokoto haziisumbui kabisa.

MzeeChuda:
Dereva, yako uliipaka chuma kikiwa safi. Ya huyu binti imeshaanza kuliwa, na hapo ndipo mambo yanapobadilika.

Mwanangu, usipake bado. Niliwahi kuwa na Peugeot 504, nikapakiwa lami juu ya kutu kwa haraka hizo hizo. Kwa nje ilipendeza. Baada ya masika mawili nikaweka jeki chini ya kizingiti cha mlango, jeki ikapanda, gari ikabaki pale pale: bati lilikuwa limetoboka ndani ya lami. Kutu inataka chuma, maji na hewa tu. Lami ikizeeka inakakamaa na kupasuka nyufa ndogo, maji yanaingia, kutoka hayatoki. Na chumvi ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu inavuta unyevu wa hewani. Hata kiangazi chuma chako kinabaki na majimaji usiyoyaona.

BintiRaskazone:
Shikamoo mzee. Nimekuelewa. Lakini mbona bodi haina kutu hata kidogo?

MzeeChuda:
Marahaba. Bodi ya Land Rover hizi sehemu kubwa ni aluminiamu, haioti kutu ya chuma. Chesesi ndiyo chuma. Tazama pale bodi inapokutana na chuma: ukiona unga mweupe, ujue aluminiamu nayo inalika, maana metali mbili tofauti zikigusana penye maji ya chumvi, moja huliwa.

FundiNgamiani:
Nimechomelea chesesi za 109 nyingi. Dada, chesesi hiyo ni boksi, ina uwazi ndani. Kutu yake huanzia ndani ikatokea nje, kwa hiyo kopo la lami kwa nje halitibu kitu. Chukua nyundo ndogo na bisibisi. Gonga taratibu toka mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia, kilichokwisha kinajibu kwa sauti nzito kama debe lenye mchanga. Ukisikia hivyo, sukuma bisibisi. Kagua hasa ule mwamba wa nyuma kabisa unaofungiwa tela, na mikono ya pembeni inayobeba bodi. Kwa gari iliyobeba samaki, naanza na mwamba wa nyuma kila mara.

BintiRaskazone:
Nimerudi. Nimegonga jana jioni na mdogo wangu. Mihimili mirefu yote inalia. Mwamba wa nyuma bisibisi imezama sehemu mbili upande wa kushoto, na ndani mkamwagika unga wa kutu na mchanga, karibu kikombe kizima. Nilitaka kulia, wakuu.

FundiNgamiani:
Usilie, umeiwahi. Mwamba wa nyuma unakatwa na kuwekwa mwingine. Tangi la mafuta lishushwe kwanza na betri ichomolewe, usimruhusu fundi wako achomelee bila hayo. Asibandike kipande juu ya kilichooza. Akate mpaka akutane na chuma cheupe.

Chini ya boksi kuna matundu ya kutolea maji. Yazibue kwa waya, halafu ingiza mpira wa maji baridi ya bomba upitishe ndani mpaka yatoke meupe. Acha ikauke siku kadhaa za jua. Ndipo brashi ya waya na grenda kwa nje, dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori kwenye vishimo visivyofikika (inageuza kutu iliyobaki kuwa nyeusi na ngumu, ila juu ya maganda mazito haifanyi kazi), kisha praima (rangi ya kwanza) ya zinki au ya epoksi inayochanganywa kutoka makopo mawili, kisha rangi.

MpwaPangani:
Mbona mnamtia gharama? Oili chafu tu. Babu zetu walipulizia oili chafu kila mwaka.

MzeeChuda:
Inasaidia, sikatai. Lakini oili iliyotoka kwenye injini ina asidi na uchafu wa metali, inadondoka kwenye udongo, na Raskazone watu wana visima. Mpira wa bushi nao unavimba ukiloweka. Mimi hutumia nta ya nyuki na oili mpya. Nta iyeyushwe kwenye sufuria iliyokaa ndani ya maji ya moto, changanya oili, ipeleke mbali kabisa na moto ndipo utie tapentaini kidogo iwe nyepesi ya kupulizika. Ingiza ndani ya boksi kwa mrija mrefu na kompresa. Inapenya kwenye maungio na haikakamai. Ukipata lanolini, mafuta ya sufu ya kondoo, ni bora zaidi.

FundiNgamiani:
Naafiki. Funika dramu za breki na ekzosi kabla ya kupuliza, na ukimaliza zibua tena yale matundu. Nimeona watu wakiyaziba kwa nta ile ile.

DerevaMuheza:
Mzee, nimejilaza chini ya pikapu yangu leo. Karibu na gurudumu la nyuma lami imeinuka, nimeivuta kwa kidole, chini kuna kutu mbichi. Nashukuru kwa uzi huu, naibandua yote Jumamosi.

BintiRaskazone:
Fundi nimemwambia lami hapana. Amekubali kukata mwamba wa nyuma wiki ijayo. Swali moja la mwisho: nikipita barabara ya ufukweni, nioshe kila baada ya muda gani?

MzeeChuda:
Siku hiyo hiyo, mwanangu, kabla chumvi haijakauka. Maji ya bomba, bila presha kali, uanzie ndani ya madigadi. Na nta urudishe kila mwaka kabla ya masika.