Kumwinulia mtu rungu bila kumgusa: ni shambulio? (Kenya)

Muulizaji: Habari zenu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, inataja shambulio kwenye vifungu vya 250 na 251, ila sioni panapoeleza shambulio lenyewe ni nini. Mtu akiinuliwa rungu asiguswe, kesi ipo?

Wakili_Pwani: Ipo. Kanuni imeweka adhabu tu: 250 (shambulio la kawaida) kifungo cha hadi mwaka 1, 251 (shambulio linaloleta madhara ya mwili) hadi miaka 5. Maana huchotwa kwenye sheria ya Uingereza, kwa kuwa kifungu cha 3 kinaagiza Kanuni ifasiriwe kwa misingi ya huko. Shambulio ni kumfanya mtu, kwa makusudi au kwa kutojali, aone kwamba atapigwa sasa hivi pasipo haki. Rungu likiinuliwa hatua mbili mbele yake naye akaliona, kosa limetimia. Akiwa amegeuka asilione, hakuna alichokihofia, na shambulio la namna hiyo halipo.

Maneno nayo yapimwe. Katika Tuberville v Savage ya 1669, mtu alishika upanga wake akasema lau usingekuwa msimu wa vikao vya majaji, asingevumilia maneno yale. Maana yake hapigi, kwa hiyo ikaamuliwa si shambulio.

Karani_wa_Korti: Kwa 251 lazima pawe na madhara, na hapo ndipo kesi nyingi hufia. Kifungu cha 4 hakidai makubwa: umivu au maradhi yoyote ya mwili, hata ya muda, kwa hiyo mchubuko unatosha. Tatizo ni ushahidi. Mlalamishi akikawia, uvimbe unashuka, na umri wa jeraha ambao daktari anaandika kwenye P3 (fomu ya polisi ya uchunguzi wa kimatibabu) haulingani na tarehe iliyo kwenye hati ya mashtaka. Anayevuja damu aanze hospitali, atunze karatasi za matibabu, kisha aripoti kituoni apewe namba ya OB (daftari la matukio la polisi) na P3. Daktari hutegemea karatasi zile akijaza sehemu yake.

Muulizaji: Madhara yasipothibitika, mshtakiwa anaachiliwa?

Wakili_Pwani: Si lazima. Kifungu cha 179 cha Sheria ya Utaratibu wa Jinai kinamruhusu hakimu kumtia hatiani kwa kosa dogo la jamii hiyohiyo, yaani 250, shambulio lenyewe likithibitika. Na kwa shambulio la kawaida, kifungu cha 176 kinairuhusu korti kuwapatanisha mlalamishi na mshtakiwa. Ombi hilo litolewe mapema, kabla mashahidi hawajaanza kuitwa.