Ufunguo wa akiba wa gari lenye imobilaiza: tupeane uzoefu

Mkazi wa Bunju
Wakuu, habari za jioni. Leo gari la jirani yangu limepandishwa kwenye bridauni kwa sababu moja tu: ufunguo umepotea, na alikuwa nao huo huo mmoja. Gari zima, mafuta yamo, betri haina shida. Nimerudi ndani nikautazama ufunguo wa IST yangu, nao ni mmoja tu tangu ishuke bandarini, na plastiki yake imeanza kupasuka. Mnajua magari haya ya mnada wa Japani yanavyokuja, ukipewa funguo mbili shukuru Mungu. Naomba waliokwisha kutengeneza wa pili waseme: ulikwenda kwa nani, ulilipa kiasi gani, kulitokea nini. Nataka ya waliokutana nayo wenyewe.

Fundi Umeme Ilala
Mkuu, kwanza jua kama ufunguo wako una chipu. Gari likiwa limezimwa, angalia dashibodi: taa ndogo nyekundu inapepesa? Ukichomeka ufunguo inaacha kupepesa? Basi imobilaiza unayo, yaani ule mfumo unaozuia injini kuwaka bila ufunguo wenye chipu. Njia nyingine, viringisha kichwa cha ufunguo kwa ile foili ya jikoni, nyingi zikikataa kuwaka ujue chipu imo.

Chipu haina betri. Pale unapochomeka pamezungushiwa koili. Koili inaipa chipu umeme kidogo, chipu inataja namba yake, kompyuta ikiitambua ndipo injini inaruhusiwa kuwaka. Ndiyo maana betri ya remoti ikifa, gari linawaka vilevile. Sasa wale wa kuchonga funguo za makufuli barabarani wanakupa chuma peke yake. Mlango utafunguka, swichi itazunguka, stata itapiga, lakini injini haitashika.

Binti wa Tabata
Hapo kwenye stata kupiga injini isishike ndipo umenitonesha kidonda. Nilichongewa ufunguo na mtu aliyeniapia kwamba "Toyota zote ni hivihivi". Tulijaribu mlango, ukafunguka, akachukua hela yake akaondoka. Nikauweka kwenye pochi nikijua nina akiba. Miezi ikapita. Siku ufunguo wa awali ulipoibwa pamoja na simu kwenye daladala, nikautoa ule wa akiba kwa kujiamini kabisa. Gari linakohoa sekunde moja, linazima. Linakohoa, linazima. Watu wakajaa. Mmoja plagi, mwingine pampu ya mafuta. Fundi aliyeletwa na walinzi wa maegesho akabadilisha pampu, nikailipia, na gari halikuwaka. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari ya ufunguo. Mpaka leo nikikumbuka ile pampu moyo unauma, maana ya zamani ilikuwa nzima.

Dereva wa Usiku
Dada pole. Pampu mimi pia walinibadilishia kwa sababu hiyo hiyo.

Njoroge wa Thika Road
Wa Nairobi hapa. Yangu ni Nissan Note. Nilikuwa na funguo mbili, moja nikaacha kwa nyumba, nikaenda na ile ingine Kirinyaga Road kutengenezewa ya tatu. Jamaa akaunganisha mashine, dakika chache tu, kazi imeisha. Kufika nyumbani, ile niliyoacha imekataa kuwasha gari. Kumbe Nissan nyingi ukiingiza ufunguo mpya zile za zamani zinafutwa, lazima ziwe hapo zote zisajiliwe upya kwa pamoja. Hakuniambia, na nikarudi nikalipa tena. Ukienda, beba kila ufunguo wa hilo gari.

Fundi Umeme Ilala
Kweli kabisa. Na kwa Toyota za zamani kidogo: kichwa cheusi ndicho mama, cha kijivu ni mtoto. Cha kijivu kinawasha gari lakini hakiwezi kusajili kingine. Ukinunua gari ukakabidhiwa cha kijivu peke yake, kwa mashine umeshahesabiwa kama mtu aliyepoteza funguo zote.

Kaka Mkubwa Mbagala
Mnahangaika bure. Itoeni hiyo imobilaiza, gari liwake kwa chuma kama Corolla za zamani. Nimemfanyia shemeji yangu, mwaka wa pili huu hana shida.

Fundi Umeme Ilala
Kaka, kwa heshima yako, usimshauri mtu hivyo. Kwenye gari nyingi ulinzi umo ndani ya kompyuta ya injini, huwezi kukata waya ukamaliza. Lazima mtu aifungue kompyuta na kuandika upya kumbukumbu yake, akikosea umeua kompyuta. Na hata akipatia, gari la shemeji yako sasa mwizi analiwasha kwa bisibisi.

Kaka Mkubwa Mbagala
Mwizi akilitaka gari atalichukua tu. Nyinyi mafundi mnatetea chipu kwa sababu ndiyo mnayouza.

Fundi Umeme Ilala
Nauza chipu, ndiyo. Na kuiondoa ningekutoza zaidi ya kukuuzia chipu. Bado nakwambia usiiondoe.

Mwana wa Sengerema
Nimesoma kimyakimya nikasema nisipoandika sitalala.

Ilikuwa kabla Daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa, tunavuka kwa kivuko. Natoka Geita na Toyota Noah yangu, naelekea Mwanza. Gari langu liliingia mwanzo kabisa, limeelekea kwenye mlango wa kutokea. Nyuma yangu gari la wagonjwa, lina mama mjamzito anapelekwa hospitali ya Bugando, halafu basi, halafu malori. Nikazima, nikashuka kupata upepo, ufunguo nimeushika. Kijana aliyebeba tenga la nyanya akapenya kati yangu na reli, kona ya tenga ikanipiga kiganja. Ufunguo ukaruka. Niliuona unavyogonga chuma cha pembeni na kuingia ziwani. Nilikuwa nao huo mmoja.

Wakuu, kivuko kinakaribia Kigongo na mimi ndiye niliyeziba mlango. Gia ya otomatiki ipo P, ile ya kuegesha, haitoki. Honi zikaanza. Dereva wa gari la wagonjwa akashuka, hakunitukana, alinishika bega akasema, "Mzee, huyu mama hana muda." Ningemshukuru angenitukana.

Aliyetuokoa ni utingo wa lori la samaki. Akaingia ndani, akabandua kifuniko kidogo pembeni ya gia, pale palipoandikwa SHIFT LOCK, akabonyeza kwa kalamu huku ameshika gia. Gia ikaingia N, yaani huru. Usukani ulikuwa umejifunga, ila magurudumu yalikuwa yamenyooka, kwa hiyo wanaume wakasukuma moja kwa moja kupanda ule mteremko wa nchi kavu. Hata abiria wa basi walishuka kusukuma. Gari la wagonjwa likapita kwa kasi.

Mimi nikabaki pale. Fundi alitoka Mwanza jioni, akasema bila ufunguo hata mmoja hawezi kuongeza, inabidi achomoe kompyuta ya imobilaiza akaifungue mezani kwake. Akaondoka nayo. Nililala ndani ya gari na mbu wa ziwani, kesho yake akarudi nayo na funguo mbili. Nililipa laki nne na nusu pamoja na usafiri wake. Wakati ule rafiki yangu mwenye Noah kama hiyo, aliyekwenda akiwa na ufunguo mkononi, alilipa laki na ishirini.

Dereva wa Usiku
Nimesimama kusoma.

Mama Wawili Kimara
Baba, yule mama alifika?

Mtaalamu wa Barabara
Samahani, lakini Noah yangu haitoki P bila ufunguo, hata nibonyeze nini. Hadithi hii ina shaka.

Njoroge wa Thika Road
Mtaalamu, hebu soma vizuri. Hicho kifuniko kiko kwa magari mengi ya otomatiki ya Japani, kimewekwa kwa sababu ya shida kama hiyo. Bandua na kitu chembamba, bonyeza hadi chini, ukiwa umekanyaga breki.

Mtaalamu wa Barabara
Nimetoka nje kujaribu. Imetoka. Mwana wa Sengerema, uniwie radhi.

Mwana wa Sengerema
Usijali ndugu. Mama Wawili, dereva wake nilikuja kukutana naye kivukoni baadaye. Mama alifika, alifanyiwa upasuaji, akapona. Habari ya mtoto nilishindwa kuuliza.

Mkazi wa Bunju
Nimesikia, kesho naenda. Swali: nitajuaje fundi hatabaki na nakala ya ufunguo wangu?

Binti wa Tabata
Asiyekuuliza kadi ya gari na kitambulisho, ondoka. Atakutengenezea wewe leo, kesho atamtengenezea mwizi wako.

Fundi Umeme Ilala
Dada kasema vema. Baada ya kazi mwambie akuonyeshe kwenye mashine idadi ya funguo zilizosajiliwa. Kama una mbili mkononi na mashine inasema tatu, afute zote na kusajili hizo mbili mbele yako. Pia muulize, anasajili chipu mpya au anakopi? Ya kukopi inabeba namba ileile ya ufunguo wa kwanza. Inafanya kazi, ni rahisi, lakini siku mmoja ukiibwa huwezi kuufuta huo peke yake, maana gari linaziona kuwa ufunguo mmoja. Na betri ya gari iwe na chaji ya kutosha, umeme ukishuka katikati ya kazi kompyuta inaweza kuharibika.

Kaka Mkubwa Mbagala
Hili la idadi ya funguo sikulijua. Asante.

Mzee wa Benzi Arusha
Wenye Benzi, kazi kubwa zaidi. Ufunguo unaagizwa kwa namba ya chesisi ukiwa na nyaraka za umiliki, unasubiri. Agiza mapema.

Mpenda Safari Tanga
Na gari la kubonyeza kitufe? Betri ya ufunguo ikifa njiani utatafuta fundi hadi uchoke, kumbe kwa Toyota unakanyaga breki, unagusisha ufunguo wenyewe kwenye kitufe, ukisikia mlio unabonyeza. Linawaka.

Mama Wawili Kimara
Na mimi nina shida, fundi nisaidie. Nimetengeneza wa akiba mwezi uliopita, gari ni Toyota Passo. Tangu hapo asubuhi nyingine linawaka, nyingine linakataa, taa nyekundu inapepesa. Mume wangu anasema tumeuziwa chipu mbovu.

Fundi Umeme Ilala
Mama, huo mpya unakaa wapi?

Mama Wawili Kimara
Kwenye kishikizo kimoja na ule wa zamani, ili nisiupoteze.

Fundi Umeme Ilala
Zitenganishe. Chipu mbili zikikaribiana kwenye koili zinajibu kwa pamoja, kompyuta inashindwa kusoma. Mmoja mpe baba watoto akae nao kazini kwake, halafu jaribu siku kadhaa kabla hujamrudia yule fundi.