Tupeane uzoefu: vizio, kubadilisha vipimo na tarakimu muhimu kwenye fizikia

mwenye_rula
Wakuu habari zenu. Mi nasahihisha ripoti za praktiko za wanaoanza fizikia, na kinachowamalizia maksi sio fomula, fomula wanazo zote kichwani, ni vizio, yaani gramu, mita, sekunde na kadhalika. Kuna mmoja alikuwa na kipande cha alumini, masi gramu 54.2, ujazo cm³ 20.1. Gramu kazipeleka kwenye kilo vizuri tu, kufika kwenye ujazo kagawa kwa 100 kwa sababu mita moja ina sentimita 100, basi densiti (masi gawanya kwa ujazo) ikatoka 0.27 kg/m³. Hewa tunayovuta ni kama 1.2 kg/m³, kwa hiyo hiyo alumini ilitakiwa iwe inapaa darini, na jibu kalipigia mstari mara mbili kabisa! Ikiwa ni ujazo ile 100 inajizidisha mara tatu, yaani unagawa kwa 1,000,000, na jibu ni 2,700 kg/m³. Haya mwenye kisa alete, na njia anayotumia pia.

nusu_kipenyo
Kwangu ni km/h. Nilikuwa namwelekeza dogo mmoja, kapewa gari la 72 km/h aipeleke kwenye m/s (mita kwa sekunde), akazidisha kwa 3.6 badala ya kugawa, likatoka 259 m/s, hiyo inazidi kilomita 900 kwa saa na wala hakushtuka. Tangu hapo sikaririshi mtu "hapa gawa hapa zidisha". Aandike vizio kwenye sehemu, juu na chini, km ikatane na km, saa ikatane na saa, kikibaki m/s yuko sawa, kikibaki kitu hakieleweki basi kageuza sehemu. Mwingine ndo hakubadilisha kabisa, kaiweka 72 hivyo hivyo kwenye nishati mwendo ya gari la kilo 1,000 akapata jouli 2,592,000 wakati ni 200,000. Kasi ina kipeo cha pili pale, ndo maana kosa halikuwa mara 3.6, limekuwa karibu mara 13.

jouli_moja
Wengine wakishaambiwa kelvini ni selsiasi jumlisha 273 wanajumlisha kila wanapoona digrii 😂 Maji nusu kilo yanapashwa toka 20 hadi 30, tofauti ni 10, anaifanya 283, joto la jouli 21,000 linageuka 594,300. Tofauti ya digrii 10 ni kelvini 10, basi.

abiria_wa_dirishani
Mnacheka wanafunzi, hii iliwapata watu wazima wenye leseni. Mwaka 1983 Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta ikiwa angani. Ndege ilikuwa mpya, inahesabu mafuta kwa kilo, na kifaa cha kuonyesha mafuta kilikuwa kibovu, ikabidi wapige hesabu kwa mkono. Zilihitajika kilo 22,300, kwenye tangi kulikuwa na lita 7,682. Wakazidisha kwa 1.77 wakapata kama 13,600 wakaziita kilo. Sasa ile 1.77 ni ratili kwa lita bana, kwa kilo ni 0.803, maana yake ndani kulikuwa na kilo 6,170 hivi tu. Wakaongeza lita zisizofika 5,000 wakati zilitakiwa zaidi ya 20,000. Rubani akaielea bila injini mpaka kwenye uwanja wa zamani wa jeshi pale Gimli, Kanada, hakufa mtu. Ukiitazama ile hesabu kuzidisha kote ni sahihi, namba tu ndo haikuandikwa ni ya nini. Na 1999 chombo cha NASA, shirika la anga la Marekani, cha kwenda Mars kikapotea kwa staili hiyo hiyo, kani upande mmoja kwa ratili upande wa pili kwa nyutoni.

kikokotoo_chakavu
Vizio nakubali. Ila tarakimu muhimu, hii ya kuandika zile tu ambazo kipimo chako kinazibeba, naona ni uonevu. Kikokotoo kinanipa 2.696517413 g/cm³ kwenye hiyo alumini, nikiandika yote nakatwa maksi, kwani usahihi umekuwa kosa?

mwenye_rula
Mkuu, mizani ulisoma hadi 0.1 ya gramu. Weka 54.1 uone, inatoka 2.69, weka 54.3 inatoka 2.70. Tarakimu ya tatu tayari inacheza, hizo saba za nyuma umezipima na nini? Andika 2.70, na hiyo sifuri ya mwisho usiitupe, inasema umepima hadi hapo.

fundi_maabara
Naongezea, kukadiria, yaani kufupisha tarakimu, ni mwisho wa hesabu, sio njiani. Mchemraba wa upande cm 2.34, mtu anatafuta eneo la uso 5.4756 anaandika 5.5, anaendelea nayo anapata ujazo 12.9. Angeiacha kwenye kikokotoo mpaka mwisho ilikuwa 12.8. Na kujumlisha kuna sheria yake, unaangalia nafasi za desimali, 12.5 na 0.348 ni 12.8.

kamba_na_jiwe
Pendulamu, lile jiwe linalobembea kwenye kamba, nayo ina vituko. Kamba ya cm 80.0, mizunguko 20 kwa sekunde 36.04, kuna binti kapata g (mchapuko wa mvutano wa dunia) ni 973 akataka kurudia praktiko nzima. Nikamuuliza urefu umeweka kwa nini? Sentimita. Basi una 973 cm/s², ambayo ni 9.73 m/s², praktiko yako nzuri tu andika kizio chake. Na hiyo .04 msiiamini, saa inaonyesha mia ya sekunde ila kidole cha mtu kinachelewa kama 0.2, ndo maana tunapima mizunguko 20 ili ule uchelewaji ugawanywe, ubaki 0.01 kwa mzunguko mmoja.

kikokotoo_chakavu
Hapo nimekushika. 20 ina tarakimu mbili, au hata moja, kwa hiyo kwa sheria zenu, jibu lisizidi tarakimu za namba yenye chache, T (muda wa mzunguko mmoja) iandikwe 1.8?

kamba_na_jiwe
Hapana, 20 umehesabu hukupima, hakuna mzunguko wa 20.3 hapo. Vya kuhesabu havina kikomo cha tarakimu, sawa na inchi kuwa cm 2.54 kamili, ilipangwa hivyo 1959. T ni 1.80.